Saanane kwa nusu siku: inafaa, ila wahini boti ya asubuhi

Likizo ya familia za Mwanza ilikuwa safari moja kubwa: Zanzibar kwa wenye nafasi, Kampala kwa wenye ndugu huko, au kijijini kwa bibi. Siku hizi wengi wanaigawa fedha hiyo kwenye safari fupi za kwenda na kurudi. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 19, 2025, hata wa Sengerema anafika mjini asubuhi na kulala kwake, bila foleni ya kivuko. Kwa safari ya namna hiyo, Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, kwenye Ziwa Victoria hapa Mwanza, inastahili kuwa ya kwanza.

Boti inaondokea Capri Point. Usitegemee kulipa taslimu: mnapewa namba ya malipo, mnalipa kwa simu au benki, ndipo mnapanda. Hapa ndipo asubuhi za vikundi zinapopotea, watu 12 wakisubiriana kutumiana pesa getini. Changeni jana yake, mmoja alipie wote. Kitambulisho cha taifa kisisahaulike, maana kiingilio cha raia na cha mgeni vimeachana mbali.

Kuvuka ni dakika chache. Ila jua likishapasha nchi kavu, upepo wa ziwani huvuma kuja ufukweni na mawimbi huinuka. Wenye watoto wadogo wavuke kabla ya saa nne.

Hifadhi ina kilomita za mraba 2.18 tu pamoja na maji yake, ndogo kuliko zote nchini. Anayetaka tembo atarudi na kinyongo. Utamu wake uko chini, karibu na miguu: pimbi wakiota jua, na mjusi aliyebeba jina la mji huu, Agama mwanzae. Dume ana kichwa na mabega ya rangi ya waridi, mwili wa bluu, naye hupandisha na kushusha kifua juu ya jiwe kumtisha mwenzake. Simama kimya hatua tatu hivi, umtazame hadi amalize.

Mawe hayo saa sita huwaka. Ndala zinateleza, vaeni raba. Bebeni maji, lita moja na nusu kila mtu, na chakula kwenye kikapu chenye kifuniko kwa sababu ya tumbili. Watoto wasitumbukize miguu ziwani: kichocho kipo.

Mwenye siku tatu na fedha zaidi aende Rubondo, hifadhi nyingine ya kisiwa kwenye ziwa hili, kwenye msitu na sokwe. Kwa siku moja haifai, muda wote utaishia barabarani na majini.