Miezi tisa na wakubwa wa biashara: mapitio ya fundi nguo

Siku ya ufunguzi tulipigwa picha nyingi kuliko maswali tuliyoulizwa. Wajasiriamali 24 tumepangwa mstari, nyuma yetu bango, mbele yetu baraza la washauri: wakurugenzi wastaafu, mama mmoja aliyetumikia benki maisha yake yote, wenye viwanda, na bwana wa kampuni ya usafirishaji ambaye simu yake haikunyamaza hata dakika 10. Nilirudi karakanani na mfuko wenye nembo na kalamu mbili. Fundi wangu mkataji akauliza, "Wamesema nini?" Nikabaki namtazama.

Naandika kwa sababu wenzangu wananiuliza kama programu hizi zina maana, hizi ambazo vigogo wa biashara wanajitolea kuwashauri wadogo. Nimemaliza miezi tisa. Jina la programu siliweki. Nina malalamiko, na humo ndani wamo watu ninaowaheshimu.

Kuna jambo lilinichukua muda kulielewa. Baraza linaishauri programu, halikushauri wewe. Wajumbe wanakutana kila baada ya miezi mitatu, wanaamua nani achaguliwe, tufundishwe nini, fedha ziende wapi. Anayekaa na wewe na madaftari yako ni mshauri mmoja uliyepangiwa, na huyo anaweza kuwa mjumbe wa baraza au mtu mwingine kabisa. Kwa hiyo ukiona majina makubwa kwenye tangazo, usidhani ndio watakaokuja kwako. Mimi niliangukia mjumbe, tena mstaafu mwenye nafasi.

Mzee huyu aliendesha kiwanda cha maboksi zaidi ya miaka 20. Nguo haijui. Alipofika mara ya kwanza nilikuwa nimemwandalia mpango wa biashara nilioukesha siku tatu. Hakuufungua. Alivua koti, akauliza, "Takataka zako unaziweka wapi?"

Nikamwonyesha kona ya vipande. Akainama, akachomoa kimoja kirefu kama mkono, akakinyoosha juu ya meza ya kukatia. "Mwanangu, hiki ulikinunua kwa bei ile ile ya kitambaa kizuri." Kisha akatupa kazi: wiki nzima tusitupe hata uzi. Kila kitambaa kinachoingia kipimwe, kila kipande kinachobaki kiingie guniani, Jumamosi tupime gunia. Tukapima. Katika kila kilo 100 za kitambaa, kilo 18 zilikuwa zinaishia guniani. Mshonaji yeyote wa sare anajua kitambaa ndicho kinachokula sehemu kubwa ya gharama. Mimi nilikuwa nagombana na mafundi juu ya vifungo.

Sababu ilikuwa ya aibu kidogo. Tulikuwa tunakata saizi moja moja, kubwa peke yake, ndogo peke yake, na kati ya patroni (vielelezo vya karatasi tunavyofuata kukata) za saizi kubwa panabaki mianya ambayo kola na mifuko ya saizi ndogo ingeenea vizuri. Mzee alianza kuzihamisha patroni kwa vidole kama mtu anayecheza bao. Akaigeuza moja ya mkono ikalala kwa upana. Hapo mkataji wangu, ambaye huwa haongei mbele ya wageni, akasema, "Hapana, mzee. Kitambaa kina uzi wake. Mkono ukikatwa hivyo utajipinda ukifuliwa." Nikashikwa na woga. Mzee akamtazama, akacheka, akaurudisha mkono mahali pake, akasema, "Basi nifundishe ipi inageuka na ipi haigeuki." Wakakaa saa mbili pale mezani, mimi nikawa kama mgeni kwenye karakana yangu. Baada ya miezi miwili gunia likashuka hadi kilo 11.

Kwa saa zile mbili tu ningejiunga tena.

Mama wa benki nilikutana naye mara moja, siku baraza lilipokuja kutusikiliza. Nilimweleza kwamba mauzo yanapanda lakini mwisho wa mwezi sina hela ya kitambaa. Akauliza, "Umemkopesha nani?" Nikasema sijamkopesha mtu. "Wateja wako wanalipa baada ya siku ngapi?" Sitini. "Na muuza kitambaa?" Siku 14. Akaandika namba hizo mbili kwenye karatasi yangu, akachora mstari kati yake, akanirudishia. Nilikuwa nakopesha taasisi kubwa kuliko mimi mara mia, bila riba, kwa pesa niliyoomba kwa ndugu. Tangu siku hiyo oda mpya haiingii kwenye cherehani bila nusu ya malipo mkononi. Mteja mmoja mkubwa aliondoka kwa sababu hiyo, na sitajifanya haikuuma. Iliniuma miezi mitatu.

Sasa machungu yenyewe.

Vikao vya pamoja vilipangwa saa nne asubuhi siku za kazi. Hiyo ni saa ya mtu mwenye wasaidizi. Mimi nikitoka, overloki, ile mashine ya kufunga kingo za nguo, inasimama. Mara tatu kikao kiliahirishwa, mara moja tukiwa tumeshafika getini. Hotuba nazo! Mjumbe mmoja alitusimulia alivyofungua tawi la tano, na sisi tunatafuta kodi ya chumba kimoja.

Kubwa zaidi ni hili. Mjumbe mwingine alitusisitiza sana tununue mfumo wa hesabu wa kompyuta, akatupa na namba ya kupiga. Baadaye tukagundua kampuni inayouuza ana hisa zake humo. Pengine mfumo ni mzuri, sijui, sikuununua. Lakini mtu anayekaa kwenye baraza la ushauri anapaswa kutamka maslahi yake kabla hajafungua mdomo. Tuliandika barua, tukasaini 15. Kwa haki niseme baraza lilijibu: kuanzia kikao kilichofuata kila mjumbe alijaza fomu ya kutaja kampuni alizo na hisa. Kanuni hiyo ilitakiwa iwepo siku ya kwanza.

Upangaji wa washauri nao ni bahati nasibu. Jirani yangu wa kiti, mama anayeuza vipuri vya baiskeli, tatizo lake lilikuwa mali iliyolala stoo. Akapewa kijana wa matangazo, akatengenezewa nembo. Nembo nzuri kweli. Vipuri bado vimelala.

Nilipomweleza binti yangu haya, akanitafutia utafiti uliochapishwa 2018, wa watafiti Brooks, Donovan na Johnson, uliofanyika Dandora, Nairobi. Kundi moja la wanawake wenye biashara ndogo lilipewa masomo ya darasani, jingine likaunganishwa na mwanamke mzoefu anayefanya biashara mtaa huo huo. Wa darasani faida yao haikubadilika. Waliopata mshauri wa mtaani faida iliongezeka kwa wastani wa asilimia 20 hivi, sehemu kubwa kwa sababu walioneshwa wapi pa kununua mali kwa bei nafuu. Mikutano ilipokoma, na faida ikaanza kurudi chini. Nilisoma mara mbili. Hakuna mkurugenzi hata mmoja mle.

Sisemi wakubwa wafukuzwe. Marekani wana shirika la SCORE tangu 1964, ilianza kwa wastaafu wanaojitolea kushauri biashara ndogo bure, na nikimkumbuka mzee wangu naelewa kwa nini walianza na wastaafu: ana muda, na hana cha kukuuzia. Kama ningekuwa na sauti kwenye baraza, ningewaomba nusu ya washauri wawe watu walionitangulia hatua mbili tu, ambao bado wanajua bei ya uzi ya wiki hii.

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Nusu hiyo ni ya fomu ya maslahi. Unayetaka kuomba awamu ijayo, kwenye usaili nawe uliza: mshauri wangu atakuja kwangu mara ngapi? Wakianza kukueleza kuhusu ukumbi, fikiri mara mbili.

Mzee muda wake na mimi umeisha, lakini kila Jumamosi jioni hupiga simu, na hanisalimii mimi kwanza, anamtaka mkataji. Wiki iliyopita gunia lilipanda hadi kilo 13. Mkataji alimwambia kosa ni la mkasi. Nasikia Jumatatu anakuja kuuona huo mkasi.