Vitabu vya picha vya historia ya kwetu: kibanda kimoja Kisumu

Kibanda hiki cha vitabu karibu na soko la Jubilee, Kisumu, ni kidogo, lakini kwa anayetafuta vitabu vya picha kuhusu magharibi ya Kenya sijaona kinachokishinda. Rafu nzima imetengewa historia na mila za huku. Dada anayeuza hukuvulia kitabu nailoni bila kunung'unika, akakuacha ufungue kurasa upendavyo. Namshukuru kwa hilo, kwa sababu uzuri wa kitabu cha picha uko ndani.

Nilinunua viwili vya maktaba ya darasa langu la Gredi ya Tano. Kile kikubwa cha jalada gumu kiligharimu shilingi 1,400, na sijutii hata moja. Fungua kurasa za Thimlich Ohinga, zile kuta za mawe kule Migori zilizoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2018. Mchoraji amepanga jiwe juu ya jiwe, vijiwe vidogo vimepachikwa katikati ya makubwa, bila udongo wala saruji, maana ndivyo zilivyojengwa, na zimesimama karne kadhaa. Lango ni fupi, anayeingia ameinama. Wanafunzi waliuliza wenyewe kwa nini liwe fupi hivyo, na kabla sijajibu mmoja akasema aliyeinama hawezi kurusha mkuki.

Boma la Kijaluo nalo limechorwa na mtu anayelijua. Nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, inatazama lango, na simba, yaani nyumba za vijana wa kiume, ziko karibu na lango. Mama mkwe alipouona ukurasa huo alianza kutaja nani alilala wapi kwao Seme, na watoto wakasahau televisheni. Kuna pia ngoma za isukuti za Kakamega, zote tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na reli ikifika ziwani Desemba 1901, Kisumu ikiitwa bado Port Florence.

Kitabu cha pili, cha shilingi 450, kimeniuma. Rangi ni nzuri, Kiswahili chake chepesi, lakini nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, imechorwa ikiwa na nyuzi 6 badala ya 8, na mpigaji amesimama, ameining'iniza begani. Mpiga nyatiti huketi kwenye kigoda, chombo kikiwa chini mbele yake, gara, yaani njuga, zikilia mguuni, na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga mbao kushika mdundo. Ukiiondoa pete hiyo umeondoa nusu ya muziki! Mtoto aliyezaliwa mjini, ambaye hajawahi kuketi mbele ya mpigaji, ataamini alichochorewa. Wanaochapisha vitabu hivi wawalipe wazee wa huku wapitie michoro kabla haijaenda kwenye mashine.

Nilimwonyesha muuzaji ukurasa huo. "Mwalimu, nitamwambia aliyeniletea," akasema, akaandika kwenye daftari lake. Hakujaribu kukitetea kitabu, na hiyo ndiyo sababu nitarudi kwake.

Malipo ni kwa M-Pesa au pesa taslimu, na shule hupewa risiti. Vya jalada gumu huisha upesi shule zinapofunguliwa, kwa hiyo mwambie akuwekee mapema.