Simu ya 3G mkononi: hiyo H inatoka wapi?

Karibuni tena jamani. Leo nina simu kuukuu ya 3G, ile ya vitufe, na kamera yake wala siigusi. Tazameni hapa juu, kando ya alama ya betri. Imeandika 3G, sivyo? Nafungua ukurasa wa intaneti... haya, imegeuka H. Nikiiacha itulie, 3G inarudi.

Wengi hudhani simu imehamia mtandao mwingine. Wapi! UMTS, yaani teknolojia ya 3G iliyo kwenye simu hii, mwanzoni iliishia kilobiti 384 kwa sekunde. Ikaja HSDPA, nyongeza ya kuharakisha upakuaji kwenye 3G ile ile, ndiyo hiyo H, na kwenye makaratasi ikafika megabiti 14.4. Chaneli ni ile ile ya megahezi 5, ila sasa kila milisekunde 2 mnara unaamua zamu ni ya nani, na anayeshika mawimbi vizuri ndiye hupendelewa. Na hizo 14.4 mnagawana wote mlio chini yake, msisahau.

Kituko kingine: mnara wa 3G unapumua. Simu zote zinaongea kwa pamoja kwenye masafa yale yale, zinatofautishwa kwa misimbo tu, kwa hiyo kila simu ni kelele kwa mwenzake. Watu wakijazana, eneo la mnara linasinyaa. Wewe uliye ukingoni unapoteza mtandao na hujasogea hata hatua.

Kinachoniudhi ni jina lenyewe, 3G. ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, ilizikusanya teknolojia zote za 3G chini ya jina moja, IMT-2000, lakini hazisikilizani. Japani ilianza na W-CDMA mwaka 2001, Korea Kusini ikashika CDMA2000, China nayo ikaja na TD-SCDMA yake. Mimi niliwahi kuagiza simu, boksi limeandikwa 3G kubwa kabisa. Nikafungua mfuniko wa nyuma, nikatoa betri, natafuta pa kuchomeka laini: hamna! Kumbe ni ya CDMA2000, namba inasajiliwa ndani ya simu yenyewe. Nimebaki nayo kama saa ya mezani.

Je, ununue simu inayoishia 3G? Hapana. Ujerumani waliizima 2021 wakaiacha 2G hewani, na Marekani kampuni kubwa zikazima zao 2022. Mtandao ukizimwa, simu kama hii inarudi 2G, kama nayo bado ipo.

Subirini kidogo niifunge data, maana imeshaanza kuniunguza kiganja.