Uzoefu wangu: pete za kupikia krampeti, kutoka Manchester hadi Muscat

Nimepikia pete za krampeti miezi mitano sasa, karibu kila Ijumaa asubuhi. Za kwanza zilikuwa nne, za chuma kilichopakwa rangi nyeusi ya kuzuia chakula kisigande, upana sentimita 9, kimo kama vidole viwili vilivyolazwa. Nilizinunua mtandaoni hapa Muscat kwa rial 3 na baiza 500.

Kwa asiyeijua, krampeti ni kimkate cha mviringo cha unga wa ngano na hamira, chini kimekauka na kuiva vizuri, juu kimejaa vitundu. Unakichoma tena kwenye tosta, unakipaka siagi kingali moto, siagi inazama vitunduni, ukiuma inakuchuruzika mpaka kwenye kiganja. Tuliishi Manchester miaka tisa na wanangu wawili wamezaliwa huko. Pakiti ya krampeti haikukosekana jikoni, hasa Desemba, saa kumi jioni giza limeshaingia na watoto wametoka shule na njaa zao. Tulipohamia Oman, hicho ndicho walichokililia.

Vinywaji havikutusumbua. Chai ya Uingereza ipo, na Vimto ndiyo usiseme: ikikaribia Ramadhani inapangwa mpaka mlangoni mwa supamaketi. Majirani zangu hawafuturu bila hiyo, na kwao ni ya hapahapa Ghuba, kumbe ilianzia Manchester mwaka 1908. Pale Granby Row pana sanamu ya chupa yake, kubwa kuliko mtu, nikiipita kila siku nikienda kazini. Krampeti lakini nilizozikuta huku ni za kugandishwa, leo zipo kesho hazipo, na bei yake nilipoiona nilizirudisha kwenye friza yao.

Basi nikaagiza pete. Mara ya kwanza krampeti zote ziligandia pembeni, nikazizungushia kisu, zikachanika. Mara ya pili zilitoka nzima, ila juu zilikuwa zimejifunga kama andazi. Mwanangu wa miaka minane aliigeuza ya kwake mkononi akaniuliza, "Mama, vitundu viko wapi?" Iliniuma, maana alikuwa ameisubiri wiki nzima.

Aliyeniokoa ni mama mkwe wangu, mzaliwa wa Unguja, aliyepika chila, mkate wa rojo unaomiminwa kikaangoni, tangu usichana wake. Alichota rojo kwa upawa, akaliacha lidondoke. "Rojo lako zito, mwanangu. Likiwa hivi litatoboka saa ngapi? Na huo moto punguza, chila haitaki haraka." Akaongeza maji, akaupunguza moto mpaka ukabaki mwali mdogo wa buluu, tukasimama tukitazama. Povu likapanda kandokando ya pete. Kisha vitundu vikaanza kupasuka kimoja kimoja, pembeni kwanza halafu katikati, na juu palipokuwa pakimetameta pakaanza kufifia na kukauka. Dakika tisa. Tukavua pete, tukageuza upande wa pili kwa dakika moja tu. Nilipoiinua moja dirishani niliona mwanga ukipenya.

Vipimo vyangu sasa ni hivi: unga gramu 175, maziwa ya uvuguvugu mililita 175, hamira kijiko kimoja cha chai, sukari kidogo. Koroga kwa nguvu, funika saa moja mpaka liumuke na kuanza kushuka. Ndipo utie chumvi, robo kijiko cha chai cha soda ya kuokea, na maji ya uvuguvugu mililita 75 hadi 100. Pete zipake siagi ndani, zipashe moto kwenye kikaango kabla ya kumimina, na usivuke nusu ya kimo chake.

Sasa lawama yangu. Mwezi wa tatu wa kuzitumia zile pete za kwanza, ile rangi nyeusi ilianza kubanduka, nikaikuta imeshika kwenye ukingo wa krampeti aliyokuwa anakula mdogo. Nilizitupa siku ileile. Muuzaji aliahidi kunibadilishia, mpaka leo kimya. Chakula cha watoto si jambo la kufanyiwa hivyo. Nilikwenda duka la vyombo Ruwi, hapahapa Muscat, nikapata pete tupu za chuma kisichoshika kutu, kwa bei ya chini zaidi, na hizo ndizo ninazowashauri mnunue. Zikipakwa siagi vizuri hazigandishi kabisa.

Zinazobaki naziweka kwenye friza, na Jumapili kabla ya basi la shule zinaingia kwenye tosta vilevile na barafu yake. Watoto wanataka siagi, baba yao anamiminia Lyle's Golden Syrup, ile shira ya Kiingereza. Mama mkwe anakula ya kwake na mchuzi wa samaki uliolala. Nilimuomba kipande nikaonja: mchuzi umezama mpaka chini kabisa, na tangu siku hiyo Alhamisi usiku nabakisha bakuli moja la mchuzi makusudi.