Seti ya tarakimu za msasa na kisanduku cha vijiti: inapofundisha vizuri na inapokwaza

Seti ninayoitathmini hapa ina sehemu tatu: vibao vya mbao vyenye tarakimu zilizokatwa kwa karatasi ya msasa, kisanduku chenye vyumba kumi pamoja na vijiti vyake, na kete nyekundu za kupanga chini ya kadi za namba. Imekusudiwa watoto wa miaka mitatu hadi sita, na imenakiliwa kutoka kwa vifaa vya Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907. Wanaonakili vifaa hivyo leo ni wengi, na si wote wanaoelewa kwa nini kila kipande kiliwekwa kama kilivyo. Waliotengeneza seti hii wameelewa mengi, ila kuna mawili yaliyowapita, na yote mawili yanagusa ufundishaji wenyewe.

Nianze na vibao, kwa kuwa ndivyo vinavyowavutia wanunuzi. Mtoto hupitisha vidole viwili, cha shahada na cha kati, juu ya tarakimu, akifuata mwelekeo uleule atakaoufuata siku atakaposhika penseli. Faida yake ni kwamba kidole kikitoka kwenye msasa na kuanza kuteleza juu ya mbao iliyopigwa vanishi, mtoto anajua papo hapo kuwa ameacha njia, bila mtu mzima kumkosoa. Msasa uliotumika ni wa chembe ndogo. Unakwaruza kiasi cha kuhisiwa, lakini haumuumizi mtoto anayerudia tarakimu moja mara nyingi, na watoto hurudia kweli. Kila kibao kina nukta mahali pa kuanzia, jambo linalosaidia zaidi kwenye 5 na 8, ambazo watoto wengi huzianza popote pale macho yao yanapotua. Gundi ndiyo dhaifu: msasa wa 8 umeanza kubanduka pale duara mbili zinapokutana.

Kasoro ya kwanza kati ya zile mbili iko kwenye vibao hivihivi. Havina alama yoyote ya kuonyesha upande wa chini, kwa hiyo kibao cha 6 kikigeuzwa kinakuwa cha 9, na mtoto anayekiita tisa hana kosa lolote, kwani mbele yake kuna tisa kweli. Nukta ya kuanzia haimwokoi, maana bado hajajua inapaswa kuwa wapi. Mstari mmoja wa rangi kwenye ukingo wa chini unamaliza tatizo, na ni afadhali kuuchora kabla mtoto hajakabidhiwa vibao. (Hili lisichanganywe na mtoto kuandika 3 au 7 kinyume kama kwenye kioo, jambo la kawaida katika umri huu ambalo halipaswi kumtia mzazi hofu.)

Kijikaratasi cha maelezo kinashauri kuanza na vibao vyote kwa mpangilio, kuanzia 0 hadi 9. Ushauri huo sikubaliani nao. Tarakimu ni alama ya idadi, na mtoto ambaye hajawahi kushika vitu vitatu na kuviita vitatu hana cha kuihusisha alama hiyo nacho; ataikariri tu kama anavyokariri umbo la nyota. Ndiyo maana katika utaratibu wa Montessori vibao hutanguliwa na fito za namba, ambazo ni fito kumi zilizogawanywa kwa rangi nyekundu na buluu, ya kwanza ikiwa na urefu wa sentimita 10 na ya mwisho mita 1. Seti hii haina fito hizo, na mnunuzi asiyekuwa nazo anaweza kuanza na vitu vyovyote vinavyofanana na kuhesabika. Baada ya hapo vibao viwili au vitatu kwa wakati mmoja vinatosha, kwa hatua ambazo Montessori alizichukua kwa daktari Mfaransa Édouard Séguin: kwanza mwalimu anataja, "hii ni tatu", kisha anaomba, "nionyeshe tatu", na mwishoni anauliza, "hii ni ngapi?" Anayeruka hatua ya pili, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote, atakuta mtoto ananyamaza kwenye ya tatu.

Kisanduku cha vijiti ndicho kinachoifanya seti istahili kununuliwa, na ndicho pia chenye kasoro ya pili, iliyo mbaya zaidi. Vyumba vyake vimeandikwa 0 hadi 9, na kazi ya mtoto ni kuweka vijiti kwa idadi iliyoandikwa. Jumla ya vijiti inapaswa kuwa 45 kamili, ili aliyeweka vijiti sita kwenye chumba cha 5 apungukiwe atakapofika kwenye 9, alitambue kosa mwenyewe na kurudi kulitafuta. Mtengenezaji wa seti hii ameweka 50, bila shaka kwa nia njema ya kufidia vitakavyopotea. Mtoto wa miaka minne niliyemwangalia alijaza vyumba vyote kwa usahihi, akavifunga vile vya chumba cha 9 kwa utepe, kisha akatazama vijiti vitano vilivyobaki mezani na chumba kimoja kitupu, akavitia vyote kwenye chumba cha 0. Kwa vifaa alivyopewa, alifikiri sawasawa. Nilipoviondoa hivyo vitano na kumwomba aanze upya, alimaliza mikono ikiwa mitupu, akachungulia chumba cha sifuri na kusema kwamba hicho hakina kitu. Mwenye kununua seti hii avihesabu vijiti kwanza na kuvificha vya ziada.

Kete ni 55 kama inavyotakiwa, zinatosha kadi za 1 hadi 10, na zikipangwa mbilimbili zinamwonyesha mtoto namba shufwa na witiri kwa macho kabla hajafundishwa majina hayo. Hata hivyo, zote zinapita kwenye kipimo cha silinda chenye kipenyo cha milimita 31.7 kinachotumika kupima vipande vinavyoweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu, kwa hiyo nyumba yenye mdogo anayetambaa izifungie mbali.

Kwa mtoto wa miaka mitatu au minne anayehesabu kwa mdomo lakini bado hajazijua tarakimu, ninaipendekeza seti hii, mradi vibao vitiwe mstari na vijiti vipunguzwe. Anayesoma hadi 10 bila kusita ataichoka mapema, na anahitaji vifaa vya makumi na mamoja.