Tahadhari: Muuzaji wa "Honda Monkey" na "Dax" za Kale Anayezunguka Mbeya, Makambako na Iringa

Ndugu wasomaji wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa, naandika tahadhari hii kuhusu mtu mmoja, mara nyingine akiwa na mwenzake anayemtambulisha kuwa ndiye fundi wake, anayeuza pikipiki ndogo za magurudumu manene kwa maelezo kwamba ni Honda halisi za mwaka 1969 hadi 1975 zilizofufuliwa. Mimi ni fundi pikipiki hapa Mwanjelwa, na tangu kiangazi kilichopita wateja kadhaa wasiofahamiana wameniletea mashine walizonunua kwake ili niwatafutie spea. Kila niliyoifungua ilikuwa ama nakala ya Kichina ya miaka ya karibuni iliyogongwa namba upya, ama mabaki ya mashine mbili tatu yaliyochomelewa pamoja na kufichwa kwa pati (lile donge la kuzibia bodi kabla ya rangi) na rangi. Jina lake silitaji, kwa sababu anatumia zaidi ya moja na kwa sababu baadhi ya walioumizwa wamekwisha kufungua jalada polisi. Nitaeleza mbinu zake na alama za mashine zake, kwa kuwa hizo si rahisi kuzibadilisha kama anavyobadilisha laini za simu.

Biashara yake huanza na historia. Kwa mnunuzi wa Mbeya mjini, mashine ilikuwa ya padri wa Kizungu aliyeishi Tukuyu. Kwa mnunuzi wa Iringa, ilikuwa ya meneja wa shamba la chai Mufindi. Mwalimu mmoja mstaafu wa Uyole aliambiwa kuwa ililetwa na wahandisi wa reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Wahandisi wale walitoka China, na labda hiyo ndiyo sehemu pekee ya hadithi iliyokaribia ukweli, maana injini niliyoikuta ndani nayo ilikuwa ya huko. Baada ya historia hufuata picha nzuri za simu, kisha madai ya malipo ya awali kwa sababu "kuna mzee wa Dar es Salaam ameshatuma nauli aje kuichukua kesho". Bei yenyewe ni ya kutosha kununua Boxer mpya dukani, na mnunuzi hukubali kwa kuwa ameambiwa kwamba huko nje watu hulipa zaidi kwa mashine za aina hiyo. Ni kweli kwamba hulipa, lakini hulipia ile halisi.

Kwa hiyo ni vema kila anayetaka kununua ajue halisi ikoje. Ukoo wa Monkey ulianza mwaka 1961, Honda walipotengeneza Z100 kwa ajili ya watoto katika bustani ya michezo ya Tama Tech, jijini Tokyo. Zile ambazo huyu bwana anadai kuziuza ni za baadaye: Z50A, yenye injini ya sentimita za ujazo 49 na magurudumu ya inchi 8, na CT70, ambayo katika nchi nyingine iliitwa Dax, yenye sentimita za ujazo 72 na magurudumu ya inchi 10. Fremu ya Dax ni ya bati lililokandamizwa kiwandani, na tangi la mafuta limo ndani ya fremu hiyo chini ya kiti. Ya Monkey ni ya mabomba, na tangi lake linaonekana juu. Z50A za mwanzo hazikuwa na shokapu za nyuma kabisa, kwani zilianza kuwekwa mwaka 1972. Mtu akikuonesha Monkey yenye shokapu mbili nyuma na kukuapia kuwa ni ya 1969, mazungumzo yanaweza kuishia hapo. Vivyo hivyo kwa breki ya diski mbele, na vivyo hivyo kwa swichi ya kuwashia injini kwa kidole: Monkey na Dax za miaka ile zilikuwa na breki za dramu, na zilipigwa kiki.

Jambo linalohitaji uangalifu zaidi ni namba, na hapa naomba msomaji asiwe na haraka. Honda waligonga namba mbili: moja kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapoingia, na nyingine kwenye injini, upande wa kushoto chini ya krankesi (ganda la injini). Fremu ya CT70 huanza na herufi CT70 kabla ya tarakimu, na injini yake huanza na CT70E. Z50A nayo ina fremu inayoanza na Z50A na injini inayoanza na Z50AE. Viwanda vya China vilivyonakili injini hii ya Honda ya kulala, yaani ambayo silinda yake imelala kuelekea mbele, vina utaratibu wao, na ukiuelewa huhitaji fundi wa kukutafsiria. Namba kama 139FMB ina maana: tarakimu ya kwanza ni idadi ya silinda, 39 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, F ni injini inayopozwa kwa hewa, M ni pikipiki, na herufi ya mwisho huonesha ukubwa, ambapo B ni sentimita za ujazo 50, D ni 70, H ni 110 na I ni 125. Injini yenye 152FMH ni ya 110, na Honda hawakuwahi kutengeneza Monkey wala Dax ya 110 katika miaka ya 1970.

Muuzaji huyu analijua hilo, ndiyo maana mashine zake nyingi hazina tena namba ya Kichina. Amepitisha grenda juu yake, akagonga CT70E na tarakimu za kubuni. Safisha sehemu hiyo kwa petroli na brashi ya waya, kisha uitazame kwa mwanga wa tochi ulioelekezwa kutoka pembeni. Utakuta uso wa aluminiamu umelika ukawa chini kidogo kuliko pande zake, mikwaruzo ya grenda inaelekea upande mmoja, na herufi hazikukaa kwenye mstari wala hazina kina sawa kwa sababu ziligongwa moja moja kwa nyundo. Mwenye shaka zaidi amwombe fundi afungue kichwa cha injini na kupima silinda kwa venia (kifaa cha kupimia kipenyo). Honda ya 49 ina silinda ya milimita 39 na ya 72 ina milimita 47, ilhali zile za 110 zinazidi kidogo 52. Kipimo hiki hakifutwi kwa grenda. Muuzaji akikataa injini isifunguliwe hata kwa gharama ya mnunuzi, amekwisha kujibu.

Lazima hata hivyo niwe mwadilifu kwa wauzaji wengine. Si kila mashine yenye injini isiyolingana na fremu ni ya utapeli. Injini za Honda C50 na C70, zile pikipiki za kanyagio ambazo wazee wetu walizitumia mashuleni na mashambani, hukaa kwenye fremu ya Monkey au Dax bila kuchomelea chochote, na mtu aliyefunga injini ya C70 miaka mingi iliyopita kwa kukosa spea hakumdhulumu mtu. Namba yake itaanza na C70E, naye atakwambia hivyo kabla hujauliza. Hata nakala ya Kichina yenyewe si dhambi. Nimezifunga nyingi, spea zake zinapatikana, na kwa mtu anayetaka kuzungukia shamba zinafanya kazi vizuri. Ubaya ni kuiuza kwa jina na bei isiyo yake.

Aina ya pili ya mashine zake ni ile anayoiita "ya Kimarekani ya 1968", yaani fremu ya mabomba, isiyo na gia, yenye injini iliyosimama na kamba ya kuvuta. Marekani kweli ilikuwa na pikipiki ndogo za namna hiyo miaka ya 1960, nyingi zikiwa na injini za Briggs & Stratton au Tecumseh ambazo valvu zake ziko ubavuni mwa silinda. Lakini niliyoletewa ilikuwa na injini ileile ambayo mkulima yeyote wa Usangu anaijua kwenye pampu yake ya maji, yenye namba 168F, nakala ya Honda GX. Injini za GX zilianza kutengenezwa mwaka 1983. Fremu nayo ilikuwa ya mabomba mapya ya kutengenezea madirisha, na anayejua uchomeleaji angeona hivyo akiwa bado upande wa pili wa barabara. Kwa Briggs ya kweli, tazama namba ya tarehe iliyogongwa kwenye bati la kifuniko cha feni: tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka, mbili zinazofuata ni mwezi.

Sasa nije kwenye moshi, kwa kuwa hapo ndipo anapowapata hata watu waangalifu. Mashine inapofuka moshi wakati wa majaribio, huwaambia wanunuzi kuwa ni kawaida ya mashine za kale katika nchi ya milima, kwamba hewa ya Mbeya ni nyepesi. Nusu ya maneno hayo ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayobeba uongo. Mji wetu uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe uko juu zaidi, na kabureta iliyopimwa kwa hewa ya pwani huku humwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Dalili yake ni moshi mweusi, plagi iliyojaa masizi makavu na nguvu kupungua mlimani, na dawa yake ni kubadili jeti (tundu la kabureta la kupitishia petroli) kwa iliyo ndogo zaidi, kazi isiyo ghali. Moshi wa bluu ni jambo jingine kabisa. Huo ni oili inayoungua, ikipita kwenye ringi za pistoni zilizokwisha au kwenye sili za valvu, na hakuna mlima unaousababisha. Mashine zote nilizoletewa zilikuwa na moshi wa bluu. Fika bila taarifa asubuhi, gusa injini kabla haijawashwa uhakikishe ni ya baridi, kisha simama nyuma ya ekzosi.

Kwa fremu, chukua sumaku kutoka kwenye spika mbovu, ifunge kitambaa ili isikwaruze rangi, na uipitishe polepole chini ya kiti, kwenye mishikio ya vikanyagio na kando ya shingo. Sumaku isiposhika, chini yake kuna pati, na chini ya pati kuna kutu au mshono wa kuchomelea. Fremu ya Dax huoza zaidi sehemu za chini ambako maji na tope hukaa, kwa hiyo kiraka kidogo hapo, kilichosemwa wazi, si kosa; fremu iliyokatwa shingoni na kuunganishwa ni hatari kwa maisha ya anayeipanda.

Wanaomiliki mashine halisi nao wajihadhari, kwani mtu huyu huwafuata na kujitolea kuzifufua. Mzee mmoja wa Mbalizi alimkabidhi Dax iliyokaa stoo tangu mwanawe alipokuwa shule ya msingi, akalipa fedha ya spea "zinazoagizwa Japani", na ilirudi ikiwa na rangi inayong'aa. Ilikuwa imeondolewa kabureta yake yenye chapa ya Keihin na kuwekewa PZ19 ya Kichina, magneti ya volti 6 yenye pointi, ile inayotoa umeme wa plagi, haikuwamo tena, na usukani wake unaokunjwa kwa kulegeza vishikizo ulibadilishwa kwa bomba la kawaida. Vitu hivyo ndivyo vilivyokuwa na thamani, kwa maana rangi hupulizwa popote. Kabla ya kumkabidhi fundi yeyote, nikiwamo mimi, piga picha kila upande, andika namba za fremu na injini, weka alama ya siri kwenye vipuri vikubwa, na mwandikishiane kwamba vipuri vyote vya zamani vitarudi kwako hata vikiwa vibovu.

Kuhusu hati, usitoe hata shilingi kabla ya kwenda na namba ya chesisi katika ofisi ya TRA kuuliza kama imesajiliwa na kwa jina la nani. Kadi anayoonesha huyu bwana, pale anapoonesha, ni ya pikipiki nyingine. Pikipiki iliyogongwa namba upya inaweza kuzuiliwa polisi kama mali ya wizi, na atakayeulizwa ni yule aliyekutwa nayo. Akikutumia ujumbe wa kudai malipo, usiufute: unaweza kuwa ushahidi wa kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na namba ya simu ya tapeli unaweza kuiripoti kwa ujumbe kwenda 15040. Mliokwisha kuuziwa, msiiuze mashine kwa mwingine ili kurudisha fedha yenu, kwa sababu mkijua na mkanyamaza mtakuwa mmeingia katika kosa lilelile. Wanaohitaji maelezo ya fundi kwa ajili ya jalada lao, nitaandika nilichokiona ndani ya injini na kutia saini bila malipo.

Mwisho, kuna Dax ya bluu ambayo ilirudishwa kwake na mnunuzi wa Iringa baada ya mvutano mkubwa, na wiki hii nimeoneshwa picha zake zikipita Makambako na Njombe ikiwa imepakwa nyekundu. Ina mshono wa kuchomelea chini ya kiti upande wa kulia, boliti moja ya kushikilia injini ni ya inchi na si ya milimita, na ukikwaruza kidogo ndani ya kifuniko cha tangi utaona bluu.