Mazoezi ya likizo kwa timu ya skuli: ufukweni au kiwanjani?

Ligi ya skuli ikimalizika, mjadala huu hurudi. Kwa gharama, ufukwe unashinda wazi: hauna ada, njumu hazihitajiki, na michango ya wazazi inabaki kwa mipira na nauli. Kwa pumzi pia. Kukimbia kwenye mchanga mkavu hula nguvu takriban mara 1.6 ya ardhi ngumu, na magoti hayapati kishindo kikubwa. Kano za kisigino ndizo huelemewa, basi kijana asiyeuzoea aanzie pale palipolowa, mchanga umeshikamana.

Taabu ni ratiba. Maji hupwa kama dakika 50 baadaye kila siku. Wiki hii mnacheza alasiri, wiki ijayo saa hizo hizo bahari imejaa. Kiwanja hakijali bamvua, ingawa masika hukigeuza tope. Tena pasi za chini hazifundishiki kwenye mchanga mkavu, mpira haubiringiki vizuri. Na bonanza la kuchangisha fedha, lenye kiingilio, linataka kiwanja.

Mkiwa Nungwi, pwani ya kaskazini mwa Unguja, na ligi bado iko mbali, anzeni mchangani. Mkiwa Dunga, katikati ya kisiwa, nauli ya kwenda pwani itakula akiba yote, bakini kiwanjani.